Tiketi za barabarani na fomu N-400: unaandika zote?

Msafiri_MN: Wakuu, salaam. Najaza N-400, fomu ya kuomba uraia, hapa Marekani. Nina tiketi (faini za polisi) tatu za spidi, zote nimelipa, na moja ya zamani ya taa nyekundu sijui iliishia wapi. Je, zinaweza kuninyima uraia? Na ile ya zamani lazima niiandike?

Wino_Mweusi: Andika zote, mkuu. Swali la fomu si kukamatwa tu, linagusa hata kuandikiwa kosa na polisi, na limesema "umewahi", kwa hiyo ile miaka 5 ya kupimwa mwenendo haikusaidii hapo. Watu wanachanganya kutaja na kuambatisha karatasi. Kuambatisha umesamehewa kama hukukamatwa, adhabu ilikuwa faini ya chini ya dola 500 au pointi kwenye leseni, na hakukuwa na pombe wala dawa za kulevya. Kutaja hujasamehewa. Tiketi tatu za spidi zilizolipwa kwa kawaida hazimwangushi mtu. Kinachoangusha ni kusema "hapana" mbele ya afisa ukiwa umeshakula kiapo. Uongo huo peke yake unatosha kukukosesha sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia, hata kosa lenyewe liwe la dola 80.

Karani_Mstaafu: Hiyo ya taa nyekundu ndiyo ya kushughulikia kwanza, kabla hujatuma fomu. Tiketi isiyolipwa inaweza kusimamisha leseni, na ukiendesha katika hali hiyo unafungua kosa jingine zito zaidi. Pengine hakimu ameshatoa hati ya kukukamata. Mpigie karani wa mahakama ya kaunti ulikokatiwa, maliza deni, kisha omba nakala ya uamuzi yenye mhuri. Risiti ya benki haitoshi, haionyeshi kesi iliishaje. Faili likiwa limeshateketezwa, omba barua ya karani inayosema hivyo.

Wino_Mweusi: Niongeze kuhusu pombe. Tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa 2019, hukumu mbili za kuendesha ukiwa umelewa ndani ya kipindi kinachopimwa (miaka 5, au 3 kwa anayeomba kupitia ndoa na raia) zinakufanya uchukuliwe kuwa huna mwenendo mwema, mpaka uthibitishe vinginevyo. Na ukiwa bado kwenye kifungo cha nje, ombi haliidhinishwi.

Msafiri_MN: Na spidi tatu si nyingi?

Karani_Mstaafu: Inategemea zimekaribiana vipi. Waraka wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, wa Agosti 2025 umetaja makosa ya barabarani ya uzembe au ya mazoea kama jambo la kupimwa. Zikiwa zote za mwaka huu, usiwe na haraka ya kutuma.