Hiki wanachoongea vijana wa ghalani nacho ni Kiholanzi?

MamaSalma_Tilburg: Jamani, darasani tulifundishwa "Hoe gaat het?", yaani habari yako. Sasa ghalani vijana wa zamu ya usiku wananiambia "Faka, mattie?" Jana mmoja kanifuata anataka "doekoe", nikaitikia tu "ja, ja", ndiyo, ndiyo. Na mzee wa getini kila nikitoka: "Houdoe!" Nisaidieni.

Bakari_Rdam: Dada, hiyo ni straattaal, lugha ya mtaani. Faka, mattie na doekoe vimetoka Sranantongo, lugha ya Suriname, nchi iliyokuwa chini ya Uholanzi hadi 1975. Faka ni "mambo vipi", mattie mshikaji, doekoe mkwanja. Waitikie "rustig", yaani shwari. Ila kwa daktari au manispaa usithubutu! Ukisikia "wollah", hiyo unaijua, ni wallahi yetu, wameileta Wamoroko. Houdoe ni ya hukohuko kwenu, mkoa wa Brabant, mzee anakuaga. Sisi huku Rotterdam tunasema "doei", na wenyewe wanaivutaaa.

BintiTanga: Na "lekker", yaani tamu au nzuri, je? Chakula lekker, usingizi lekker, jua likitoka lekker. Mimi mwaka wa kwanza niliishi kwa neno hilo moja 😂 Lakini shoga, angalia matusi yao: wanatukana kwa magonjwa. Tering ni kifua kikuu, tyfus ni homa ya matumbo. "Kanker", yaani saratani, vijana wanaitupa ovyo, wewe usiiguse kabisa. Ukimtamkia aliyefiwa na mama yake kwa saratani, utamuumiza vibaya.

MamaSalma_Tilburg: Asanteni. Kumbe nimeahidi hela! Ndiyo maana leo kaja mapema.