Solo inazama bendi ikianza, nirekebishe wapi?

Wakuu, gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) mbili, volyumu moja, toni moja. Nikiwa peke yangu chumbani solo inakata vizuri. Bendi ikianza, rithim inasikika, lakini nikiingia kwenye solo napotea kabisa, utadhani nimechomoa waya. Distosheni, yaani ukwaruzo, nimeongeza hadi mwisho, ndiyo kwanza imekuwa matope. Nina pedali ya busta pia, ile ya kuongeza nguvu ya sauti, nimeiweka mwanzoni, kabla ya distosheni.

Jibu la 1:
Tatizo ni hiyo busta. Ikitangulia distosheni inaongeza ukwaruzo tu, sauti haipandi, maana distosheni imeshakata vilele vya mawimbi. Iweke baada yake. Kama kinachokwaruza ni amplifaya yenyewe, ipitishe kwenye lupu ya efekti, yale matundu ya amplifaya ya kuunganisha pedali baada ya hatua inayokwaruza.

Jibu la 2:
Mimi sina hata busta. Napanga sauti ya solo kwanza, volyumu ya gitaa 10, halafu kwenye rithim nashusha hadi 6 au 7. Ukwaruzo unapungua wenyewe. Sauti ikifubaa ukishusha, fundi akuwekee kapasita ndogo pale kwenye volyumu, ipitishe sauti za juu. Na midi, yaani sauti za kati kwenye amplifaya, usizishushe sana! Chumbani inapendeza, ila kwenye bendi besi na matoazi vinakumeza.

Muulizaji:
Midi nilikuwa nimeweka 2, naona aibu. Nimepandisha hadi 6, busta nimeihamisha. Jana mpiga kinanda kanigeukia: "Punguza basi!" Sasa nahangaika na swichi ya pikapu tu, mkono unachelewa kurudi kwenye rithim.