Tupeane uzoefu: kazi za mikono na sanaa katika vikundi vya wagonjwa wenye maradhi mazito

Mleta mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo kliniki nyingi hazina muda nalo, yaani vikundi vya wagonjwa wenyewe ambamo watu wanaougua saratani, wanaoishi na VVU, wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu) au wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo hukutana na kufanya kazi fulani ya mikono au ya sanaa, iwe kufuma, kusuka ukili, kuchora, kuigiza au kutunga mashairi. Ushauri nasaha wa wataalamu tumeuzungumza sana na una mahali pake. Leo ningependa kusikia kile wagonjwa wanachopeana wao kwa wao, na nisikie pia palipoharibika, maana sifa tupu hazimsaidii mtu anayetaka kuanzisha kikundi chake.

Naanza mimi. Niliondolewa titi la kushoto, kisha nikaendelea na mionzi. Wanaoifahamu Taasisi ya Saratani Ocean Road wanajua kwamba mgonjwa aliyetoka Rukwa au Lindi hana namna ya kurudi kwao kila jioni, hivyo wanawake wengi hujikuta wakikaa mjini wiki nyingi, mbali na watoto wao, wakiwa hawana la kufanya baada ya zile dakika chache za mashine. Tulizoea kukaa mkekani, na mmoja wetu alikuwa fundi wa vitambaa vya makochi. Aliniona nikirekebisha kanga niliyoikunja ndani ya sidiria, akaniambia bila kuzunguka, "Hiyo itakuja kukuaibisha sokoni, mdogo wangu. Njoo nikufundishe kufuma la uzi."

Titi la uzi hufumwa kwa uzi laini wa pamba. Unaanzia katikati kwa vishono vichache vilivyofungwa duara, unaongeza kila mzunguko mpaka upana ulingane na titi lililobaki, kisha unapunguza upande wa nyuma na kuacha tundu la kufunga kwa kamba, ili uweze kuongeza au kupunguza zile nyuzi za kujazia mito. Ubaya wake ni wepesi, kwani sidiria hupanda upande mmoja, ndiyo maana wengi wetu tuliliwekea utepe wa kulifunga kwenye mkanda. Halivaliwi mpaka kidonda kikauke na daktari aridhie.

Mazungumzo tuliyoyafanya juu ya uzi ule sijayapata mahali pengine. Anayehesabu vishono hamtazami mwenzake usoni, na kwa sababu hiyo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa hajasema neno tangu afike, aliweza kutuuliza kama huwa tunazima taa tunapoingia chumbani na waume zetu. Tulimjibu mmoja baada ya mwingine, macho yakiwa kwenye kazi.

Mchangiaji kutoka Bukoba

Ahsante, dada, kwa mada hii. Mimi ni mama wa makamo na nimeishi na virusi tangu enzi ambazo mkoa wetu wa Kagera, ulikotambuliwa ugonjwa huu kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983, ulikuwa ukizika karibu kila siku. Wakati huo dawa hazikuwapo, na tulichokuwa nacho ni sisi wenyewe. Majirani zetu wa Uganda walitutangulia. TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU, ilianzishwa Kampala mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, baadhi yao wakiwa wagonjwa, na vikundi vyake vya nyimbo na maigizo vilisimama mbele za watu kusema "ninao" wakati ambapo kusema hivyo kulimfukuzisha mtu nyumbani. Baadaye akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wa Uganda wanaoishi na VVU kilichoanzishwa mwaka 1992, walieneza vitabu vya kumbukumbu, na utaratibu huo ukavuka mpaka ukatufikia.

Kitabu cha kumbukumbu mama humwandikia mtoto wake angali na nguvu. Tulitumia madaftari ya kawaida yenye jalada gumu. Kila mmoja aliandika mtoto alizaliwa wapi na nani alimpokea, jina lake lilitoka kwa nani, baba yake alipenda chakula gani, ukoo una miiko ipi, na picha zilibandikwa kwa gundi ya unga. Kwetu ukurasa wa kibanja, yaani shamba la nyumbani, ulikuwa wa lazima. Mwenye mkono mzuri alituchorea ramani, tukaweka alama za milamula, ile mimea ya mpakani inayotenganisha vibanja, na majina ya majirani wa kila upande, maana tulikwisha kuona watoto wa marehemu wakiondolewa shambani na baba zao wadogo kwa kukosa la kuonyesha.

Jambo lenyewe ni la kale katika lugha yetu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858. Sisi hatukuwa malenga, wengine hawakujua hata kuandika, na ndipo kikundi kilipofaa: asiyejua alisimulia na mwenzake akaandika, na baada ya kumwandikia mwenzako mambo hayo huwezi tena kupita mlangoni kwake bila kubisha hodi.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, baadhi yetu tulinusurika, na vitabu vilivyokusudiwa kusomwa na yatima vikabaki mikononi mwa watoto wenye mama. Mwanangu wa pili, ambaye sasa ana familia yake, hukifungua cha kwake na kunisahihisha: "Mama, hapa uliandika kwamba sipendi senene, lakini nilikuwa ninawala vizuri tu." Tunacheka, ingawa nilipouandika mstari ule sikuwa ninacheka.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Shikamoo, mama. Mimi ni kijana mwenye selimundu. Huku kwetu kandokando ya Ziwa maradhi haya yako katika nyumba nyingi, na maumivu yake yana shida moja, kwamba hayaonekani. Unafika hospitali umejikunja, lakini hakuna jeraha wala damu, na wapo wahudumu wanaokutazama kana kwamba umefuata dawa za kulevya. Niliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo katika hospitali ambayo sitaitaja.

Kikundi chetu cha vijana kilijifunza kuchora ramani ya mwili. Mbinu hii ilianza na wanawake wenye VVU wa Khayelitsha, Cape Town, mwaka 2002, wakati dawa zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwafikia watu wa mitaa ile. Unalala juu ya karatasi kubwa, mwenzako anakuchora ukingo wa mwili mzima, kisha nyuma ya umbo lako unachorwa ukingo wa mtu anayekutegemeza. Nyuma ya umbo langu yuko nyanya yangu. Baada ya hapo unatia rangi makovu, mahali penye nguvu na mahali panapouma.

Faida niliyoipata ni ya vitendo. Tulipoweka michoro yetu ukutani, tuliona kwamba karibu sote tulikuwa tumepaka rangi nzito kiunoni na kwenye mapaja, lakini mmoja wetu alikuwa amepaka kifua. Mwenzetu aliyewahi kulazwa kwa tatizo la mapafu linaloambatana na selimundu alimwambia wazi kwamba maumivu ya kifua hayangojwi nyumbani, hasa yakija na homa au pumzi fupi. Wiki chache baadaye alishikwa tena, na safari hiyo hakungoja.

Nina pingamizi moja, hata hivyo. Watu wakija kupiga picha michoro yetu ili waipeleke kwenye mikutano, wengine tunajisikia kuwa maonyesho. Mchoro wangu nimeukunja, uko kabatini, na ndiko ninakotaka ukae.

Mchangiaji kutoka Tanga

Naona akina mama na vijana wamesema, basi na sisi wazee tuseme. Mimi nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, nikiwa nimenyoosha mkono mmoja ambao siruhusiwi kuupinda. Kwa hiyo kufuma na kusuka kwetu haziwezekani, na kusema kweli wanaume wengi wa rika langu tusingekaa kufuma hata tungekuwa na mikono minne. Tulichokuwa nacho ni ulimi. Mwalimu mstaafu wa kiti cha pili alitupa ubeti, nikamjibu, wa kiti cha nne akaingilia, na tangu hapo tunajibizana. Asiye na ubeti siku yake hulipa faini ya kusimulia kisa.

Tunatunga juu ya mambo yetu, na kubwa kuliko yote ni kiu. Asiyeugua figo hajui maana ya kupimiwa maji kwa kikombe katika joto la mwezi wa pili, wala maana ya mtu wa pwani kukatazwa madafu kwa sababu yana potasiamu nyingi ambayo moyo wake hauwezi kuistahimili. Huu hapa ubeti wangu mmoja:

*Dafu ninalitamani, limening'inia juu,*
*Amenionya mwandani, kwangu lina sumu kuu,*
*Maji nayo kwa mizani, yakizidi ni miguu,*
*Nambieni wahisani, tunda lipi la nafuu?*

Jibu lilikuja kwa mizani na vina vyake, likitaja tufaha na kipande cha nanasi, na mtaalamu wa lishe aliyekuwa akipita alicheka akaafiki, akasisitiza tu kwamba kipande kiwe kimoja. Nathubutu kusema kwamba tumekumbushana masharti ya chakula kwa njia hiyo kuliko kwa karatasi zote tulizopewa.

Mchangiaji kutoka Moshi

Mimi nitakuwa mfupi. Kikundi chetu cha shanga kilikwenda vizuri mpaka alipokuja mfadhili akataka idadi fulani ya mikufu kila mwezi. Wagonjwa wakageuka vibarua, aliyekuwa amelazwa akaonekana mzembe, na fedha zilipochelewa tukaanza kuulizana nani anaficha nini. Kilivunjika. Ushauri wangu ni kwamba msiuze kitu.

Mleta mada

Pole sana, kaka. Hata hivyo, sikubaliani nawe moja kwa moja. Mgonjwa aliyeacha kibarua kwa ajili ya matibabu ana nauli ya kutafuta, na kumwambia asiuze alichokifuma ni kumdhulumu. Kosa ninaloliona hapo ni ile idadi iliyopangwa na mtu wa nje. Kwetu kila mmoja aliuza chake kwa wakati wake, na kikundi hakikushika fedha za mtu.

Muuguzi wa tiba shufaa (Arusha)

Kazi yangu ni kuwatuliza maumivu wagonjwa wenye maradhi mazito, basi naomba niongeze mambo ya kitaalamu ambayo wanavikundi husahau. Aliyeondolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono wa upande huo, hivyo afume kwa vipindi vifupi, apumzishe mkono ukiwa umeinuliwa, na ajihadhari na kujichoma sindano. Baadhi ya dawa za tibakemikali, paclitaxel ikiwa mojawapo, huleta ganzi kwenye ncha za vidole, na mtu mwenye ganzi hujichoma asijue. Huyo mpeni uzi mnene na kulabu butu, au mpeni kazi ya kupanga rangi. Wanaotumia mofini ya maji huinywa kila baada ya saa nne, kwa hiyo pangeni kukutana mapema baada ya dozi wakati maumivu yametulia, msingoje mpaka mtu aanze kusaga meno. Na mwenye kikohozi kisichoisha apimwe kifua kikuu kabla ya kubanana na wenzake chumbani. Kukaa chini ya mti ni bora kuliko ukumbi.

La mwisho ni vifo. Katika vikundi vya namna hii watu hufa, na kikundi kisichozungumza habari hiyo hupukutika kimyakimya baada ya msiba wa kwanza, kwa sababu kila mmoja huona zamu yake. Nimeona wanaoishi vizuri zaidi na jambo hili ni wale waliokubaliana mapema kazi iliyoachwa nusu itakwenda kwa nani. Mkeka wa mama mmoja ulimaliziwa na wenzake kwa ukili wa rangi nyingine, makusudi, ili mwanawe aone mahali mama alipofikia.

Mchangiaji kutoka Kigoma

Nimesoma yote kwa makini. Mume wangu ameondolewa kisanduku cha sauti kwa sababu ya saratani ya koo, anapumulia tundu la shingoni na hawezi kuzungumza. Alikuwa mvuvi. Sasa anakaa ukutani kutwa nzima, na watu wamepungua kuja kwa sababu hawajui wamwambie nini. Mashairi hayamfai, kufuma hataki kusikia. Nifanye nini?

Mchangiaji kutoka Tanga

Mama, mvuvi ana kazi ya mikono tayari. Mtafutie nyavu za kushona. Waite vijana wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, waje na nyavu zao wakae naye, awafundishe fundo kwa vidole, kazi hiyo haihitaji sauti.

Muuguzi wa tiba shufaa (Arusha)

Naunga mkono, ila tundu la shingoni lifunikwe kwa kitambaa chepesi chenye unyevu kidogo, maana vumbi la nyavu kavu na nyuzi zake vikiingia humo vitamkohoza vibaya. Nyavu zioshwe kwanza. Awe pia na kibao au daftari karibu, na wageni waelezwe wamwachie muda wa kuandika bila kumalizia maneno yake.

Mchangiaji kutoka Kigoma

Ahsanteni sana. Nimemsomea majibu yenu. Ameandika kwamba anakubali, kwa sharti kwamba vijana walete nyavu zilizochanika kweli ambazo watakwenda nazo ziwani usiku huohuo, kwani vipande vya kumpumbazia hatavigusa. Wawili wanakuja Jumamosi.