Bosi anasema umeme wa sola hauui, wakuu naombeni ukweli

kijana_wa_saiti

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni fundi mchanga, nilisoma umeme wa majumbani VETA halafu nikapata kazi kwenye kampuni ndogo inafunga sola huku Singida na Dodoma, nina miezi nane sasa, nalipwa deiwaka, mkataba wa maandishi sina.

Wiki iliyopita tulikuwa juu ya bwalo la shule tunafunga paneli 20 za wati 550. Nusu tulishaziwasha toka asubuhi. Fundi mkuu akaniambia chomoa ile konekta tupange upya mistari, nikachomoa huku inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, inafanya kazi. Ikatoka cheche ya bluu nikajua itakatika, haikukatika, inawaka tu kama mtu anachomelea geti, inafuata mkono wangu. Nikaachia nikateleza hatua kama mbili kwenye bati nikadaka reli ya paneli ndo ikaniokoa, toka pale mpaka chini kwenye zege ni kama mita tano. Kiganja kimetoka malengelenge mpaka leo.

Nilipomwambia bosi akasema sola sio kama Tanesco, hiyo ni DC, umeme wa kwenda upande mmoja, haiui mtu, mmezidi uoga. Mkanda wa usalama upo mmoja unashinda kwenye gari, glavu nikiomba anasema atakata kwenye posho.

Naombeni mnijibu, kweli hauui? Na siku nikianguka nani ananitibu? Nina mke na mtoto wa miezi minne.

fundi_wa_Makambako

Pole sana mdogo wangu. Kwanza huo mkono kaonyeshe hospitali leo, useme umeungua na umeme, maana moto wa umeme unaweza kuunguza ndani kuliko unavyoona kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno wala asali.

Sasa bosi wako. Anayesema DC haiui anafikiria ile paneli moja ya wati 50 ya kuchajia simu, hiyo ina volti kama 20 hivi. Wewe hukuwa na hiyo. Paneli ya 550 ikiwa haina mzigo inatoa karibu volti 49 peke yake, ukiunga kumi kwa mfuatano zinajumlishana unapata kama 490, na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. Soketi ya nyumbani ni 230. Kwahiyo ulishika waya yenye zaidi ya mara mbili ya soketi, halafu anakwambia hauui.

Na ile cheche kutokatika ina sababu. Umeme wa Tanesco ni AC, unageuka geuka, unashuka mpaka sifuri mara 100 kila sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. DC haishuki, inasukuma moja kwa moja, ukivuta waya cheche inarefuka tu. Ndo maana konekta za MC4, hizo za kuungia waya za paneli, zimeandikwa kabisa usichomoe zikiwa na mzigo, na ndo maana breka ya AC ya kawaida haifai kuwekwa upande wa paneli, itajaribu kukata itashindwa iungue. Nimeshaona boksi limeyeyuka hivyo hivyo kwenye nyumba ya mtu.

Kitu kingine, paneli haina swichi. Jua likiwepo ina moto, hata ukizima inveta, hata ukikata isoleta, ile swichi ya kutenga paneli na inveta, waya toka kwenye paneli mpaka kwenye isoleta bado zina moto. Kwahiyo utaratibu ni huu na usiuruke hata fundi mkuu akipiga kelele: zima mizigo na inveta kwanza, kisha kata isoleta ya DC, kisha pima kwa klampu mita, ile ya kubana waya kwa nje, uone ampea ni sifuri, hapo ndo uchomoe MC4 kwa ule ufunguo wake. Ukishachomoa vile vichwa bado vina volti, usiviache vinaning'inia kwenye bati, vifunike. Na kwenye inveta usitie mkono ndani mara tu umezima, kuna kapasita zinatunza chaji, subiri dakika tano mpaka kumi, ziko zimeandikwa ubavuni.

Shoti yenyewe hata ikiwa ndogo juu ya bati inakurusha chini. Ulichonusurika ni kuanguka.

mwenye_ngazi

Wakuu naheshimu lakini mnamtisha kijana. Mimi mwaka wa sita nafunga sola Kahama na Geita sijawahi kuvaa mkanda, na sio ubishi, hayo mabati ya geji 30 unaufunga wapi? Papi zenyewe za mbao mbili kwa mbili. Nakuwa tu makini, nakanyaga kwenye mstari wa misumari ambapo kuna papi chini, sipandi bati likiwa na umande. Vijana wengi wanaoanguka wanakanyaga katikati ya bati au wanakimbia na paneli.

fundi_wa_Makambako

Kukanyaga mstari wa misumari ni sawa kabisa na umande nakubaliana na wewe kaka. Ila paneli ya 550 ina kilo kama 28 na urefu zaidi ya mita mbili, huko Singida upepo ukipiga chini yake inakuwa tanga la mashua, umakini wako unasaidia nini hapo? Tuwe tunapandisha watu wawili na kamba, upepo ukichachamaa tunashuka, hakuna aibu.

Pa kufunga papo. Usifunge kwenye papi, hiyo itang'oka na wewe. Tunapitisha kamba juu ya kofia ya paa mpaka upande wa pili tunafunga chini kwenye nguzo ya zege au mti mkubwa, au tunafungua bati la juu tunafunga kwenye kenchi yenyewe. Usifunge kwenye gari, mtu akija akaliwasha umekwisha. Na kamba uipime iwe fupi, usiweze kufika ukingoni kabisa, hivyo hata ukiteleza unaishia kwenye bati. Na pembe ya bati inakata kamba, weka gunia hapo.

Mwanzoni inachelewesha dakika 20 mpaka nusu saa. Mimi nilimzika kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, alianguka mita nne tu. Tangu hapo hiyo nusu saa sijawahi kuihesabu.

nakuru_solar

Pole bro. Hapa Kenya kufunga solar lazima uwe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, ziko za T1, T2 na T3, unapanda kulingana na ukubwa wa system. Si ati ajali zimeisha, lakini ukiwa na leseni unajua ikikuharibikia jina lako liko kwa karatasi, so unakuwa na nguvu ya kukataa.

Mimi niongeze tu kuhusu betri juu watu wanaziona ni kitu salama. Betri ya lithiamu ya volti 48 haikurushi shoti kubwa, lakini spana ikigusa pande zote mbili inapita maelfu ya ampea, spana inakuwa nyekundu mkononi. Toa pete, toa saa, spana izungushie tepu ibaki kichwa peke yake. Na zile za maji ya asidi usifungie kwa store haina dirisha, zikichaji zinatoa gesi ya haidrojeni, cheche moja tu inalipuka.

dada_wa_vifaa_kinga

Mdogo wangu, mimi ni afisa usalama kwenye ujenzi, naomba nijibu la nani atakutibu maana naona wamelipita.

Kutokuwa na karatasi hakukuondolei kuwa mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema kama mtu anakuongoza jinsi ya kufanya kazi, anakupangia saa, anakupa vifaa, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unahesabiwa ni mfanyakazi wake mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Wewe una miezi nane. Kwahiyo tunza ushahidi: meseji za kuitwa saiti, miamala ya malipo kwenye simu, picha mkiwa kazini zenye tarehe. Leo leo, usisubiri uumie.

Fidia ya kuumia kazini inatoka WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na anayechangia ni mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako hata shilingi. Muulize bosi kwa upole kama amesajili kampuni huko. Na vifaa kinga ni jukumu lake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, hilo la kukata glavu kwenye posho halipo. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi za kanda na wanapokea malalamiko.

Huo mkono nao ni ajali ya kazini. Hospitali hakikisha wameandika hivyo kwenye cheti, na mwandikie bosi meseji kumjulisha hata kama alishasikia kwa mdomo.

kijana_wa_saiti

Asanteni sana kaka zangu na dada. Nimetoka hospitali, wamenisafisha wamefunga, wamepima na moyo uko sawa. Meseji nimemtumia bosi, ameisoma hajajibu. Jumatatu tunarudi bwaloni, nimemwambia fundi mkuu bila mkanda na isoleta kukatwa sipandi, amenyamaza kidogo akasema sawa. Swali moja, klampu mita ninayo, ya elfu 35 ya dukani, nilishawahi kupima waya za paneli ikasoma sifuri wakati betri zinachaji. Ni mbovu?

fundi_wa_Makambako

Sio mbovu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya Jumatatu. Nyingi za bei hiyo klampu yake inapima ampea za AC tu, ukiweka kwenye DC itakusomea sifuri hata kama ampea 10 zinapita, wewe unaamini unachomoa. Angalia kwenye ile swichi ya kuzungusha, pale penye A. Kama kuna kialama cha wimbi peke yake ni ya AC. Ya DC ina kamstari kanyoofu na chini yake vistari vidogo vya kukatika. Kama haina hicho iache nyumbani, azima yenye DC.