Mjadala: Marudio ya dhahabu ni mali ya nani, mchimbaji au mwenye karasha?

Juzi barazani hapa Langoni, Lamu, kijana wetu aliyerudi kutoka machimbo ya Migori alitueleza jambo lililoninyima usingizi. Mchimbaji akishasaga mawe yake, huchukua dhahabu iliyonaswa na zebaki, kisha mchanga unaobaki, yaani marudio, anamwachia mwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, kuwa malipo. Wazee wawili wakasema ni haki, kwani mashine si yake na dizeli si yake. Mimi sikubali, nami nimelileta kwenu tulijadili.

Mimi ni sonara, mwana wa sonara. Dukani kwetu hakitupwi kitu. Chini ya meza tumetandika ngozi ya kudakia unga wa tupa, na kila jioni sakafu hufagiwa, takataka ikatiwa debeni. Marehemu baba alikuwa akiichoma baada ya miezi, akaosha majivu, akayeyusha; chunguni ikabaki punje inayong'aa, ndogo kama mtama. Mtu angemwambia baba, "Nitakufagilia bure, mradi takataka nichukue mimi," angefukuzwa mlangoni.

Sasa tazameni hesabu. Tuseme tani moja ya mawe ina gramu 5. Zebaki mara nyingi hukamata chini ya nusu. Ikikamata asilimia 40, mchimbaji anaondoka na gramu 2, na gramu 3 zimo kwenye marudio. Mwenye karasha huyatia marudio hayo mtamboni kwa sayanaidi, dawa inayoyeyusha dhahabu; kwa mawe yasiyo sugu, huweza kutoa hata asilimia 90 ya kilichobaki: gramu 2.7. Aliyeshuka shimoni na kamba kiunoni amepata 2, mwenye mtambo 2.7.

Wazee wetu wana hoja, siwanyimi. Uchenjuaji, yaani kuitoa dhahabu iliyobaki, una gharama: dizeli, vyuma vya kusagia vinavyolika, sayanaidi, chokaa, makaa ya kunasia dhahabu. Tuseme gharama yote ni sawa na thamani ya gramu 1.5 kwa tani. Marudio ya gramu 3 yanalipa. Ya gramu 1 ni hasara tupu, japo dhahabu imo. Tena mawe hayafanani. Mgodi wa zamani wa Macalder, huko huko Migori, uliofungwa 1966, ulitoa shaba pamoja na dhahabu. Shaba hula sayanaidi, hivyo unamwaga dawa nyingi zaidi kwa gramu ile ile. Mwenye mtambo anaweza kuumia pia.

Lakini hapo hapo ndipo ninaposhikilia. Ikiwa marudio haya yana faida na yale hayana, kwa nini yote yatolewe kwa bei moja bila kupimwa? Sampuli ichukuliwe pande zote mbili zikiona, ada ya kusaga iandikwe, kwa pesa au kwa sehemu ya marudio, na kinachozidi kiwe cha mchimbaji. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 imeweza kugawa mrabaha, yaani ada inayotozwa madini: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kugawa rundo la mchanga hakuwezi kuwa kugumu zaidi.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi daftarini. Marudio yenye zebaki yakitiwa sayanaidi, zebaki huyeyuka na kusafiri na maji kwa wepesi zaidi. Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka zoea hilo likomeshwe, zebaki iondolewe kwanza. Kazi hiyo nayo ina bei, na anayezivuna gramu 2.7 ndiye ailipe, si kijiji kilicho chini ya bwawa la marudio.

Mtasema mchimbaji hana taslimu. Najua, ndiyo maana nikasema sehemu: robo, theluthi, wapatane. Yote ni mengi mno.

Mlio Migori, Kakamega au Geita, nitajieni: karasha ya kwenu hutoza kiasi gani kwa gunia, na marudio hubaki kwa nani?