Makaroni kavu: ninunue vikombe vya kupimia au mizani?

Bi_Mdogo: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nashuka Kariakoo na nina hela ya kitu kimoja tu: seti ya vikombe vya kupimia au ile mizani ndogo ya jikoni. Nimepata maelekezo ya makaroni ya jibini, yanasema vikombe 6 vya makaroni kavu, ila pakiti za dukani zimeandikwa gramu. Nichukue kipi?

Mzee_wa_Sufuria: Dada, umeuliza nusu. Makaroni gani, vile vipinda vidogo au penne, zile za mirija iliyokatwa mshazari? Vikombe vya wapi? Wanakula watu wangapi?

Bi_Mdogo: Samahani mkuu. Vipinda vidogo, maelekezo ya Kimarekani, watu 12.

Mzee_wa_Sufuria: Hapo sawa. Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240. Vipinda vidogo humo, bila kushindilia, ni gramu 110 hivi. Penne hazifiki 100 maana zinalala ovyo na kuacha nafasi. Vikombe 6 ni kama gramu 660, yaani pakiti ya nusu kilo na theluthi ya nyingine. Chukua mizani.

Ummu_Tanga: Mizani! Mwaka jana kwenye hitima ya mjomba nilipewa kazi ya tambi za sukari. Shangazi akaniambia vikombe 8, nazi 3. Kumbe yeye hupimia kikombe cha chai, mimi nikachota kwa kile kikubwa cha bati. Tena tambi nilishazivunjavunja, zikajaza kila mwanya. Nafunua sufuria, tui limekauka, tambi za juu bado ngumu, za chini zimeshikana gande moja zinanuka moshi. Wageni wameshanawa mikono, wamekaa mkekani. Nililia pale pale jikoni.

Kaka_Kisauni: Pole sana dada, lakini kosa ni kubadilisha kikombe. Mimi nina kikombe kimoja miaka yote. Bi_Mdogo, fungua pakiti ya gramu 500, hesabu imejaza vikombe vingapi. Ikitoka vinne na nusu, 500 gawa kwa 4.5, kila kikombe ni gramu 111. Andika kwenye kifuniko cha kopo, umemaliza.

Mzee_wa_Sufuria: Ukibadilisha umbo la makaroni unaanza upya. Na spageti utazichota vipi kwa kikombe?

Kaka_Kisauni: Spageti nagawa pakiti kwa macho.

Mpishi_Ilala: Wote mmeruka jambo moja. Gramu 660 kwa watu 12 ni 55 kwa mtu. Waitaliano hupima 80 hadi 100, zikiwa kavu. Kama makaroni ndiyo chakula chenyewe, pika kilo nzima.

Ummu_Tanga: Haya ya kikombe na gramu ndiyo yale yale ya zaka ya fitri, chakula cha kuwapa maskini mwisho wa Ramadhani. Pishi ni ujazo, vibaba vinne, halafu kila mwaka watu wanabishana kilo mbili na nusu au tatu. Mchele na tende haviwezi kuwa na uzito mmoja.

Kaka_Kisauni: Kwetu tunatoa kilo tatu, ikizidi ni sadaka.

Mzee_wa_Sufuria: Ila anayetoa unga asipime kwa kilo za mchele.

Bi_Mdogo: Jamani, Jumamosi ni keshokutwa. Hizo mizani zinazotumia betri bapa kama za saa, betri zake zinapatikana mtaani?