Leo kamuuliza MGONJWA kama anauona moyo. MGONJWA!

Mbavu ya Nne (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka chumba cha eko (kupima moyo kwa ultrasaundi) sasa hivi, jeli bado imeganda kwenye mkono wa koti, na sijui kama kesho narudi.

Msiniulize ni mkufunzi gani. Mnamjua. Yule yule. Anayeingia chumbani keshachukia tayari, mashine haijawaka. Aliyezaliwa ameshika probu, kile kichwa cha mashine tunachopitisha kifuani, mkunga akakata waya akidhani ni kitovu.

Leo kanipangia mama mmoja mtu mzima, mapafu yamechakaa kwa sigara za miaka na miaka, kifua kimetuna. Nimemlaza ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto kichwani. Elektrodi tatu, vile vibandiko vya kusoma umeme wa moyo, nimebandika. Jeli, nimepaka. Alama ya probu nimeielekeza bega la kulia, nafasi ya tatu kati ya mbavu, kisha ya nne, kando ya mfupa wa kifua, vile vile tulivyofundishwa. Skrini kijivu. Nikashuka ya tano, kijivu. Nikamwambia mama atoe pumzi yote aibane. Akatoa, akabana, akabana, nusura tuitane na watu wa dharura. Kijivu.

Hapo Mheshimiwa akasogea. Hakusema "hama dirisha", yaani tafuta pengo lingine la kuuchungulia moyo. Hakusema "ongeza geini", picha ing'ae. Aliigeuza skrini ikamwelekea mama, halafu kwa sauti ya upole, upole ambao sisi hatujawahi kupewa hata kwa mkopo, akasema:

"Samahani mama, eti wewe unauona moyo hapo?"

Jamani.

Mama wa watu akainua shingo. Akakodoa. Akaomba miwani yake (AKAOMBA MIWANI), akaletewa, akavaa, akatazama kwa makini kuliko mtahini yeyote niliyewahi kukaa mbele yake, akasema: "Mimi naona mawingu tu, baba."

"Asante mama. Hata mimi."

Akaninyang'anya probu, akamlaza mama chali, akamkunjisha magoti, akaishindilia chini ya mfupa wa kifua, na huo moyo, vyumba vyote vinne, unadunda kwa raha zake. Halafu akanikabidhi taulo nifute jeli.

Narudia kwa mnaoingia sasa: hakumuuliza mwanafunzi mwenzangu. Hakumuuliza nesi. Kamuuliza MGONJWA. Nimefelishwa na mtu aliyekuja kupimwa.

---

Jeli Baridi

Pole sana mkuu. Nilikuwa nakuhurumia vizuri tu mpaka nilipofika kwenye miwani. Hapo nimeshindwa.

---

Mzee wa Kivuli

Mbona hiyo ni siku yake nzuri. Mimi aliniita mbele ya darasa zima akanipongeza kwa kugundua kiungo kipya, nianze kuandika makala. Lilikuwa ini.

---

Pumzi Ndani Pumzi Nje

Kuanzia leo mleta uzi anaitwa Mawingu. Mods badilisheni jina.

---

Vyumba Vinne

Mkuu, kifua kimetuna, mapafu yamejaa hewa, na mawimbi ya ultrasaundi hewani hayapiti, ndiyo sababu ya hiyo jeli tunayopakaa tangu asubuhi. Wewe umekaa juu ya pafu unatafuta moyo. Mgonjwa wa aina hiyo dirisha lake mara nyingi liko chini ya mbavu, kwa sababu mapafu yameusukuma moyo chini. Huko ndiko alikokwenda, na aliupata. Sasa lalamiko liko wapi?

---

Mbavu ya Nne

Sikuja kufundishwa dirisha, ndugu yangu. Dirisha nalijua, na nilikuwa njiani naelekea huko huko. Lalamiko langu ni moja: kwa nini amuulize MGONJWA? Angeniuliza mimi.

---

Vyumba Vinne

Angekuuliza wewe ungesema unauona.

---

Mzee wa Kivuli

Hahahaha funga uzi.

---

Dopla Bila Pembe

Mimi yule ana deni langu. Nilimpata babu mwenye vali ya aota iliyokakamaa (ule mlango wa damu kutoka moyoni), nikaweka Dopla endelevu, ya kupima kasi ya damu, kwenye ncha ya moyo, nikapata kasi ya mita 2.9 kwa sekunde. Kasi mara yenyewe, mara nne, unapata tofauti ya shinikizo kwenye vali: kama milimita 34 za zebaki. Nikaandika "hafifu", nikasaini kwa mbwembwe, nikavua glavu.

Akaja. Akaisoma karatasi. Hakusema kitu. Akamgeuza babu ubavu wa kulia, akachukua ile probu ndogo nyembamba isiyotoa picha, akaweka upande wa kulia wa kifua. Mita 4.2. Kwa hesabu hiyo hiyo ni 71. Ukivuka 4 hapo ni ukali kamili, mtu anaanza kuongelewa habari za kubadilishiwa vali.

Akaikunja karatasi yangu, akaitia mfukoni. Mpaka leo haijatoka. Nikimwona anaingiza mkono mfukoni mapigo ya moyo yanavurugika, napatwa na arithmia.

---

Jeli Baridi

Hapo nitamtetea. Mstari wa Dopla usipolala sambamba na damu inavyokwenda, kasi inasomeka ndogo, na kwa kuwa unaizidisha kwa yenyewe, kosa dogo linakuwa kubwa. Babu angerudishwa nyumbani na karatasi ya "hafifu".

---

Dopla Bila Pembe

Najua. Lakini mfukoni jamani? Si angeichana tu.

---

Nesi Asiyechekacheka

Nimewasoma nyote, na sasa ni zamu yangu. Nyie wanafunzi wa eko mnakuja wodini mnaondoka na mgonjwa wangu bila kuaga. Anarudi saa mbili baadaye kalowa jeli kuanzia shingoni hadi kitovuni, gauni limefungwa kinyumenyume, elektrodi tatu bado zimemganda kifuani. Nikiuliza, "tulikuwa tunatafuta picha". Picha gani ya saa mbili? Mnachora? Taulo mnazo, mnapewa hata na mkufunzi kama tulivyosoma hapo juu. Zitumieni.

---

Mbavu ya Nne

Dada, heshima yako ipo, lakini uzi huu ni wa mimi na mawingu. Yaani wa mimi na yule mtu.

---

Logibuku Tupu

Wewe Mawingu shukuru hata umenyang'anywa. Kunyang'anywa maana yake uliishika. Sisi huku tunasimama ukutani tangu asubuhi tunatazama migongo ya watu. Mwongozo wa Marekani kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa moyo unasema ngazi ya kwanza upime mwenyewe wagonjwa 75 na usome picha za 150, ngazi ya pili 150 na 300. Mimi kwenye logibuku, daftari la kuandikia vipimo ulivyofanya, nimejaza jina langu na namba ya simu.

Na ukipewa, unapewa yupi? Wale vijana wembamba ambao moyo unajileta wenyewe kwenye skrini wanachukuliwa na wenye vyeo, "tumalize haraka". Mwanafunzi anaachiwa aliyetoka kwenye upasuaji, bandeji kifua kizima, hawezi kugeuka, mashine ya kupumulia inampandisha na kumshusha. Ukikosa picha unaulizwa ulisoma wapi.

---

Mkufunzi Mpole

Naomba niseme upande wa pili. Mkufunzi ana foleni nje, na kipimo kamili ni picha nyingi sana: kando ya mfupa wa kifua, mhimili mrefu na mfupi, nchani, chini ya mbavu, juu ya kifua, kila vali na Dopla yake. Mwanafunzi amekwama kwenye picha ya kwanza na anaapa kwamba anauona moyo. Wakati mwingine njia ya mkato ya kumfungua macho ni kutafuta jicho lisilo na upendeleo. Na mama yule alifurahi kushirikishwa.

---

Pumzi Ndani Pumzi Nje

Wakuu mmeona? Akaunti imefunguliwa leo.

---

Mzee wa Kivuli

"Mama yule alifurahi." Umejuaje kama alifurahi?

---

Mbavu ya Nne

NI YEYE. Upole huo huo! Naujua upole huo!

---

Mkufunzi Mpole

Nilikuwa nakisia.

---

Dopla Bila Pembe

Mheshimiwa, shikamoo. Naomba ile karatasi.

---

Nesi Asiyechekacheka

Mheshimiwa kama ni wewe, elektrodi.

---

Msoma Zamani

Vijana mnadeka. Mwaka 1953 kule Lund, Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanza kuusikiliza moyo kwa ultrasaundi hawakuwa na hivyo vyumba vinne mnavyoviimba. Hertz alikuwa amekwenda kiwanda cha meli cha Malmö kujaribu kifaa cha kukagua nyufa kwenye vyuma. Waliona mistari inapanda na kushuka, basi, na Edler kwa mistari hiyo hiyo akaja kutambua vali ya mitrali (ya kati ya vyumba viwili vya kushoto) iliyobana. Nyie mna rangi nyekundu na bluu, mna picha inayotembea, na bado mnaona mawingu.

---

Logibuku Tupu

Mzee, hao walikuwa na kifaa mkononi. Nirudie hoja yangu: MKONONI.

---

Jeli Baridi

Na hizo rangi ndizo zinazotutesa. Nyekundu inakuja kwenye probu, bluu inaondoka, basi mwenzetu mmoja akaandika kwenye ripoti kwamba nyekundu ni damu safi. Yule mtu hakupaza sauti. Alikaa chini, akashika kichwa, akabaki hivyo mpaka tukatoka mmoja mmoja kwa kunyata.

---

Vyumba Vinne

Afadhali hiyo kuliko wanaokata ncha ya moyo. Mtu anaweka probu juu mno, ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha kusukuma damu, inatoka fupi, mviringo, inajikunja kwa furaha, anapiga mstari anaandika EF 70, yaani kila pigo linasukuma nje asilimia 70 ya damu ya chumba hicho. Kumbe moyo umechoka kabisa, ila ile sehemu ya nchani isiyofanya kazi haimo kwenye picha. Nimeziona ripoti za hivyo zimesainiwa na watu wazima wenye vitambulisho shingoni.

---

Mbavu ya Nne

Wadau turudi kwenye mada. Mtu mzima, mwalimu, kageuza skrini...

---

Bega la Kulia

Mnaongelea kudhalilishwa, mimi naongelea kuumia. Tunafundishwa kukaa upande wa kulia wa mgonjwa, mkono wa kulia unamvuka mwili mzima kwenda kutafuta ncha ya moyo, shingo imegeukia skrini, kiuno kimegeukia mlango. Wapimaji wenye mabega mabovu wamejaa kila mahali, ni maradhi ya kazi yanayojulikana, na bado mwanafunzi anaonyeshwa mkao ule ule. Nikipandisha kiti naambiwa "unajistarehesha".

---

Kushoto Daima

Kaa kushoto kwa mgonjwa, upime kwa mkono wa kushoto. Kiwiko kinapumzika kitandani, humlalii mtu. Tatizo lenu mmerithi mkao bila kuuliza.

---

Bega la Kulia

Ukikaa kushoto na mgonjwa kalala ubavu wa kushoto, anakupumulia usoni dakika arobaini. Asante.

---

Kushoto Daima

Na wewe unapokaa kulia, kwapa lako linampumulia yeye. Uliwahi kumuuliza maoni yake?

---

Pumzi Ndani Pumzi Nje

Kuuliza mgonjwa maoni yake kunaruhusiwa siku hizi nasikia.

---

Mbavu ya Nne

Sawa. Chekeni. Kesho mtageuziwa skrini nyie.

---

Vyumba Vinne

Kulia au kushoto si hoja, hoja ni kitanda. Kile chenye kipande kinachoshuka chini ya kifua kinaacha nafasi ya probu kufika nchani bila kumbandua mgonjwa godoro. Mtu akishakuwa nacho, akae upande anaoutaka.

---

Kushoto Daima

Kitanda hicho kwetu kipo. Kimewekewa maboksi ya glavu.

---

Bega la Kulia

Kwetu anakilalia mtu wa zamu ya usiku.

---

Nesi Asiyechekacheka

Na mnapotoka futeni probu. Jeli ikikauka mnaitegemea iende wapi? Halafu kuna mtu anaacha waya sakafuni, mashine ikisukumwa magurudumu yanaupanda. Ule waya una nyuzi nyembamba chungu nzima ndani, zikikatika picha inatoka na mistari myeusi, na mtu wa kuulizwa ni mimi. Ninamjua ni wa zamu ya mchana.

---

Jeli Baridi

Zamu ya mchana tuko wengi.

---

Nesi Asiyechekacheka

Mwenye viatu vya kijani.

---

Logibuku Tupu

Viatu vya kijani ninavyo, lakini nishasema humu, probu sijawahi kuigusa.